Mama Elsa Alipanda Basi la Kibenga

"Mwanasiti, mume wako anatengeneza magari au anatengeneza wake za watu?"

Houda, jirani yao, aliuliza swali hilo siku moja kwenye bomba la maji. Wanawake wakacheka. Mwanasiti naye akacheka, lakini kicheko chake kilikauka kabla hajafika nyumbani.

Houda alikuwa anamsema Léocadie, ambaye mtaani wanamwita Mama Elsa. Mama Elsa ni fundi wa nguo hapa Buyenzi. Anashonea barazani, na baraza lake linatazamana na garaji ya Shakuru, mume wa Mwanasiti. Mashine yake ikiharibika, Shakuru anavuka barabara na bisibisi yake.

"Toka lini mashine ya kushona ikawa gari?" Mwanasiti alimuuliza usiku ule.

"Chuma ni chuma, mke wangu," akajibu Shakuru, akaendelea kula.

Toka siku hiyo Mwanasiti hakuwa na raha. Mama Elsa akivaa kitenge kipya, kilimchoma. Mama Elsa akicheka, aliona anachekwa yeye. Siku moja Shakuru alichana nywele kabla ya kwenda garaji, na Mwanasiti akashindwa kula mpaka jioni. Wivu ni kama moto wa makaa. Kwa juu unaona majivu tu, lakini ndani unaunguza.

Jumatatu moja, saa nne ya asubuhi, Mwanasiti alikuwa anampelekea mumewe chakula. Alipofika pembeni ya garaji, alisimama ghafla. Mama Elsa alikuwa amekaa kwenye benchi la Shakuru. Uso wake uling'aa. Shakuru alikuwa amemshika mkono!

Halafu Shakuru akaingia ndani. Mama Elsa akasimama, akaondoka akiyumba, mara huku, mara kule.

"Anajitingisha mbele ya mume wa mtu!" Mwanasiti alisema moyoni. "Mchana kweupe!"

Akamfuata kwa mbali mpaka kituoni. Mama Elsa akapanda basi la Kibenga. Mwanasiti akarudi nyumbani, na kile chakula cha mumewe akakila chote peke yake.

Jioni Mama Elsa hakurudi. Elsa, binti yake wa miaka kumi na minne, alipika ugali, akafunika sahani ya mama yake. Asubuhi ugali ulikuwa pale pale. Gélase, baba yake Elsa, alizunguka kwa ndugu wote na parokiani. Hakuna aliyemuona. Kwenda polisi hakwenda. Aliambiwa lazima mtu asubiri siku tatu kwanza.

Houda, yeye, hakusubiri. Alifungua kundi kwenye telefone, akaliita "Tumutafute Mama Elsa." Siku moja tu, watu mia mbili wakaingia. Kila mmoja akawa mpelelezi. Mmoja alichukua foto ya Mama Elsa, akazungushia duara jekundu kwenye miguu yake.

"Viatu vipya!" akaandika. "Nani alimnunulia?"

"Mi nasema amevuka mpaka, yuko Uvira," akaandika mwingine.

Kulikuwa hata na mmoja aliyeko Ubelgiji, ambaye hajafika Buyenzi miaka kumi. Huyo ndiye aliyejua mambo kuliko wote.

Mwanasiti alisoma yote. Hata kwenye kupotea, Mama Elsa alikuwa anapendwa na kusemwa na watu mia mbili! Na Houda kila dakika: "Asante Houda, Houda we ni mkali." Moyo ukamwambia, nawe unalo la kusema. Akabonyeza, akatuma sauti yake:

"Musijisumbue. Mi nilimuona kwa macho yangu. Jumatatu alikuwa anajipitishapitisha mbele ya wanaume, halafu akapanda basi kwenda Kibenga. Kibenga kuna nyumba za matajiri. Huyo amefuata mwanaume."

Mioyo myekundu ikamiminika kwenye kioo cha telefone. "Mwanasiti, asante! Mwanasiti, we ndiyo kiboko!" Jioni nzima alitembea kama bibi harusi.

Lakini sauti ile ilifika kwa Gélase. Alikuwa amevaa viatu ili azunguke hospitalini. Aliisikiliza mara moja. Akavua viatu, akakaa kitandani, akageukia ukuta.

Jumatano asubuhi, Joëlla alibisha hodi kwa Mwanasiti. Joëlla ni mhamasishaji wa afya wa mtaa. Anapita nyumba kwa nyumba kuangalia wagonjwa.

"Karibu, dada Joëlla. Kwangu hakuna mgonjwa."

"Najua. Nimesikia sauti yako. Nataka uniambie ulichokiona."

"Si nimesema? Alikuwa anajitingisha!"

"Apana, dada. Hiyo ni maana uliyoipa wewe. Niambie kilichoonekana tu. Uso wake ulikuwaje?"

"Uling'aa. Kama amepaka mafuta."

"Mafuta au jasho?"

Mwanasiti akafikiri. "Jasho... Lilikuwa linatiririka shingoni."

"Na mikono?"

"Ilikuwa inatetemeka. Alipopanda basi alikosa kishikio mara mbili."

Joëlla akashika kichwa. "Dada yangu! Mama Elsa ana ugonjwa wa sukari. Mgonjwa akitumia dawa bila kula, sukari inaweza kushuka sana. Anatoka jasho, anatetemeka, anayumba kama mlevi. Anaweza kupotea akili, asijue anakwenda wapi. Asiposaidiwa haraka, anaweza kufa."

Shakuru alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole: "Hata mi niliona anaumwa. Nilimshika asianguke, nikamkalisha. Nikaingia ndani kutafuta maji. Nilipotoka, hayupo."

"Na siku mbili hizi umenyamaza?" Joëlla akauliza.

Shakuru akamtazama mkewe. "Ningesema nilimshika mkono, ndani ya nyumba hii ningelala wapi?"

Mwanasiti akachukua mtandio wake, akavaa viatu.

"Sikilizeni," alisema Joëlla. "Mgonjwa wa sukari akiyumba hivyo, na kama anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari nyingi, au Fanta. Maji matupu hayamtoshi. Usimuache peke yake, na tafuta watu wa kumpeleka kwa daktari. Na mtu akipotea, hakuna kusubiri siku tatu. Siku hiyo hiyo unakwenda kwa shefu wa kartie, yule mkuu wa mtaa, na polisi. Unawaambia saa, nguo, njia aliyopita na ugonjwa wake. Kundini unaweka foto na namba ya kupiga. Umbeya hauokoi mtu."

Walimtoa Gélase kitandani. Wakaenda wanne kwa shefu wa kartie, halafu polisi. Mwanasiti ndiye aliyetoa maelezo: saa nne, kitenge cha kijani, basi la Kibenga, jasho, kuyumba. Polisi akapiga simu kwenye hospitali za upande wa Kibenga. Kwenye ya pili, wakamwambia asubiri kidogo.

Ndiyo. Kulikuwa na mama asiyejulikana. Wapita njia walimkuta Jumatatu ameanguka kando ya barabara, kichwa kimepasuka, hana telefone wala karangamuntu, kitambulisho chake. Alikuwa bado hawezi kutaja jina lake.

Kabla ya jua kuzama, Gélase alikuwa amemshika mkono mkewe. Joëlla akawaeleza madaktari dawa anazotumia. Mwanasiti alisimama nyuma, mlangoni. Akamuona Shakuru anafuta machozi. Moyo ukamchoma tena, hata pale! Akasema kimya: "Astaghfirullah." Akatoka nje, akafungua telefone.

"Mi Mwanasiti," alisema kundini. "Nilisema uongo. Mama Elsa alikuwa mgonjwa, hakufuata mtu. Amepatikana hospitalini. Mwenye sauti yangu aifute, aliyeituma mbele atume na hii."

Yule wa Ubelgiji ndiye wa kwanza kuandika: "Na viatu je?"

Houda akamtoa kundini. Leo kundi lile liko chini ya Joëlla na shefu wa kartie. Mwezi uliopita mzee mmoja alipotea akitoka msikitini. Waliweka foto, nguo na namba tu. Saa tatu baadaye alikuwa nyumbani kwake.

Mama Elsa aliporudi, Mwanasiti alimpelekea ndizi za kupika na samaki. Akamuomba msamaha mbele ya nyumba nzima, bila kuficha kitu.

Mama Elsa akacheka mpaka akashika bandeji yake. "Mi? Na Shakuru? Mwanasiti, mume wako ananuka mafuta ya gari mpaka kwenye mashine yangu! Kaa, mwenzangu. Mungu ametusamehe sisi wote."

Mwanasiti akakaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kifua chake kilikuwa chepesi.

Elsa alileta chai. Wanafunzi wenzake walikuwa wameichezesha ile sauti darasani siku mbili, wakimwita mtoto wa Kibenga. Aliweka kikombe mbele ya mgeni, akamtazama usoni.

"Ile sauti ilikuwa ya kwako?"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

Elsa akaegemeza sinia ukutani, akatoka nje.