Kivuli cha Akeyo Onditi

Mashine ilirusha mpira juu kwa mkono wa kushoto, ikakunja mgongo, ikasita kidogo, kisha ikaupiga. Mpira ulitua kwenye kona ya boksi la kupokelea ukapitiliza hadi ukutani. Tumsifu Mlay hakuugusa. Alisonya.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Hata anavyoinua kidevu."

Mashine haikuwa na kidevu. Ilikuwa na miguu miwili ya aloi, kiuno kinachozunguka, mkono ulioshika raketi, na kichwa cha kamera kisichozidi ukubwa wa chungwa. Lakini Tumsifu aliona kidevu, na hiyo ndiyo sifa ya kivuli kilichotengenezwa vizuri.

Vivuli vilikuwa na miaka tisa kwenye mchezo wa tenisi. Viwanja vyote vikubwa vilifungwa kamera sitini zilizorekodi hatua za mchezaji, pembe ya raketi yake na uzito anaoutupa kwenye kila goti. Zilikuwepo pia kamera-ngozi, zinazosoma mapigo ya moyo kwenye ngozi ya shingo kutoka mbali. Akili unde ilikusanya yote hayo na kuyaingiza kwenye roboti, na roboti ikacheza kama mtu huyo, makosa na uchovu vikiwemo. Kwa hiyo mchezaji aliyefika fainali ya wanawake ya Mashindano Makuu ya Maziwa, pale Mwanza, inayochezwa mwezi mmoja baada ya nusu fainali, alikuwa ameshapambana na mpinzani wake mara chungu nzima kabla hawajakutana.

Kivuli hiki kilikuwa kazi ya injinia Kabula Masanja, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, asiyependa kuulizwa kama ana uhakika. Alikitengeneza kwa mechi za Akeyo Onditi wa Kisumu, mpinzani wa Tumsifu kwenye fainali hiyo, na kilimtoa jasho. Kila kilipofika dakika ya sabini na nane ya mchezo, goti la kushoto lililegea, mkono ukashuka, na mashine ikaanguka. Kabula alibadilisha mota ya goti. Ikaanguka. Akabadilisha tena, akaitukana kwa Kisukuma, ikaanguka vilevile. Mwishowe aliandika kiraka, yaani programu ndogo ya kuziba hitilafu, na tangu hapo kivuli kikacheza hadi mwisho bila kuyumba. Katika siku kumi na mbili za mazoezi kilimfunga Tumsifu mara tisa. Tumsifu alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa ameanza kukosa hamu ya kula.

Asubuhi ya fainali Kabula alikaa kwenye chumba cha mitambo na kikombe cha chai, akaangalia tena nusu fainali ya Akeyo ili kuhakiki takwimu kwa mara ya mwisho. Seti ya tatu ilikuwa katikati. Akeyo aliinama ghafla, akashika kiatu chake kama anayekaza kamba, akabaki hivyo kwa pumzi tano au sita. Mtangazaji alitania kwamba dada huyu kwa viatu hajambo.

Kabula aliangalia saa ya mchezo. Dakika ya sabini na nane.

Akafungua robo fainali. Dakika ya sabini na tisa, Akeyo aliinama tena kwenye kiatu. Lakini viatu vya siku hizi hujikaza vyenyewe. Havina kamba.

Aliondoa kiraka, akafungua rekodi za kamera-ngozi ambazo hakuwahi kuzisoma, maana zilikwenda moja kwa moja kwenye akili unde. Mapigo ya moyo yalikwenda sawa zaidi ya saa nzima, kisha yakaruka, yakakimbia, yakaruka tena. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikimwambia ukweli kwa wiki tatu, na yeye akakaa kuitengeneza. Kabula aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kocha wa Tumsifu, Byabato, alimsikiliza akiwa amesimama.

"Injinia, mkataba unasemaje?"

"Kinachoonekana kwenye kivuli ni siri ya timu."

"Basi umejijibu. Akeyo ana daktari wake. Sisi tuna mechi saa tisa."

"Kocha, huyu mtu anaweza kufia pale uwanjani."

"Ukitoka na habari hiyo, usirudi kazini," alisema Byabato, na hakupandisha sauti.

Kabula alitoka nayo.

Alimkuta Akeyo kwenye hoteli ya wachezaji, akinywa uji peke yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na mbili. Kabula alijitambulisha, akaeleza kila kitu bila kuzunguka. Akeyo alimaliza uji wake kwanza.

"Najua, dada," alisema. "Daktari aliniambia mwezi wa tatu. Alisema niache."

"Sasa mbona unacheza?"

"Miaka kumi na minne nacheza tenisi, na hii ndiyo fainali yangu ya kwanza. Unadhani nitapata nyingine? Nimepanga nimalize mapema. Seti mbili, dakika sabini, nitoke."

"Kivuli chako nacho kilipanga hivyo. Kabla sijakitengeneza goti, kilicheza na Tumsifu mara kumi na saba. Hakikuwahi kumaliza kabla ya dakika ya sabini na nane, hata mara moja. Yule binti hafungiki haraka."

Akeyo alisogeza kikombe pembeni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umesema ulikitengeneza. Kikawaje?"

"Kikacheza kama ambavyo ungecheza ukiwa mzima."

"Na kinashinda?"

"Mara nyingi."

"Nataka kumwona huyo Akeyo mzima," alisema Akeyo.

Saa nne kasoro walikuwa kwenye uwanja wa mazoezi. Tumsifu alishafika kupasha mwili, na Byabato alikuwa ameshamweleza, kwa hasira, kilichotokea. Alipomwona Akeyo, Tumsifu alisimama akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo, dada Akeyo."

"Marahaba. Nasikia mnanipiga kila siku hapa."

"Wewe ndiye unayenipiga," alisema Tumsifu, na machozi yakamlenga. "Wiki mbili silali vizuri kwa ajili yako. Kumbe unaumwa! Mimi hata sijui nifurahi au nifanye nini."

"Cheza naye seti moja. Mimi nikae hapa niangalie. Usimwonee huruma."

Byabato alisema huo ni upuuzi, mchezaji wake atachoka bure. Kabula alirudisha kiraka na kukiwasha kivuli.

Walicheza dakika hamsini na mbili. Tumsifu alianza vibaya, kisha akakunja uso na kuanza kupiga mipira mirefu ya pembeni, ile iliyomfikisha fainali. Kivuli kiliifuata yote. Kilipiga kwa mkono wa nyuma kikivuta raketi chini kabisa, kikapanda wavuni bila kusita, kikarudi nyuma kuchukua mpira ambao mtu angeuacha. Akeyo alikuwa amekaa kwenye benchi na viganja juu ya magoti. Kuna wakati alicheka. Kuna wakati bega lake la kulia lilisogea pamoja na la mashine.

"Ule sasa sijawahi kuupata," alimnong'oneza Kabula baada ya mpira mmoja mfupi. "Huwa nafika nimeishiwa pumzi."

Tano kwa tano. Sita kwa tano. Tumsifu aliokoa pointi mbili ambazo zingemaliza seti, akaanguka, akainuka na goti limechubuka. Pointi ya tatu mpira wake uligonga wavu ukabaki upande wake. Saba kwa tano, kivuli kimeshinda.

Kivuli kilisogea wavuni kikasimama, kama kilivyopangiwa. Tumsifu alikipita. Alitembea hadi kwenye benchi, jasho likimtiririka, akampa Akeyo mkono.

"Hongera," alisema. "Sikukuachia."

"Najua. Nimeona." Akeyo aliushikilia mkono ule, na sasa alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha. "Nilikuwa nakwenda kucheza ili nijue tu kama ningeweza."

Kisha alisimama, akachukua mkoba wake wa raketi, akamwuliza Kabula ofisi ya mwamuzi mkuu iko upande gani ili akajitoe kwenye fainali, na Kabula akamsindikiza.