Tisa Katika Arobaini na Sita

"Jirani, wewe mtu wa sala, karata umejifunza wapi kuchanganya?"

Mke wa fundi saa ndiye aliyeuliza, siku alipoingia kuomba kiberiti akamkuta Shangazi mezani na karata hamsini na mbili. Shangazi akajibu kwamba alifundishwa na marehemu mumewe. Marehemu hakuwahi kushika karata maisha yake yote. Alimsingizia maiti, na maiti hajitetei.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, chumba namba 412, hotelini.

Karata mkononi. Bastola aina ya Beretta mkobani, chini ya kitabu cha sala. Sikioni, ndani ya kitambaa cha kichwa, kisikizio kidogo kama punje ya mtama.

"Shangazi, unanipata?" Mkuu wake wa upelelezi aliuliza humo sikioni.

Akakohoa mara moja. Ndiyo.

"Mhudumu wetu ameshaishika simu ya mtu wako. Anataka dakika tano. Mzuie asiinuke."

Mtu wake aliitwa Pweza: mikono minane, kila mkono na magendo yake. Safari hii ilikuwa baruti, lori zima, na mahali lilipo lori palikuwa ndani ya simu yake tu. Meza ile ilikuwa na sheria moja. Simu zote kapuni, mlangoni, mpaka mtu ainuke.

"Mzunguko wa mwisho huu, wapenzi," Pweza alisema. "Nina safari."

Mtu wa tatu mezani ndiye aliyemtia Shangazi baridi. Fundi saa mwenyewe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Walipoonana pale, kila mmoja aliangalia sakafu, kama watu waliokutana mlango wa choo. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Vile vipande vya plastiki vya kuwekea dau mbele ya fundi, Shangazi alivijua ni nini. Ilikuwa hela ya cherehani ya mkewe, iliyodundulizwa miaka mitatu.

Karata nne zilikuwa wazi mezani, mbili kopa. Mkononi Shangazi alikuwa na kopa mbili nyingine. Ilibaki karata moja kufunuliwa. Ikija kopa, zinatimia tano, ameshinda. Isipokuja, ameshika upepo.

Pweza akasukuma vipande kumi.

Shangazi akapiga hesabu, sehemu zile zile za darasa la tano. Karata asizoziona, arobaini na sita. Kopa zilizobaki, tisa. Akijaribu mara tano atapata moja, atakosa nne. Mezani palikuwa na thelathini: atoe kumi ale thelathini. Ili imlipe, zingetakiwa arobaini na ushee.

Hesabu ilisema: tupa.

Lakini akitupa, mchezo ungeisha kwa dakika moja. Akifuata, vilevile. Jalada la Pweza lilisema jambo moja zaidi: ukimtisha kwa dau kubwa, hufikiri polepole kama mtu anayechagua kaburi lake.

Akasukuma vipande vyake vyote.

Zamu ya fundi. Vidole vile vilivyozoea kukamata skrubu ndogo kama chawa vilikuwa vimetulia kabisa. Alikuwa na karata nzuri.

"Mama," akasema taratibu, "unayo?"

Wachezaji huulizana hivyo kila siku, na hakuna anayejibiwa. Fundi hakuuliza kama mchezaji. Aliuliza kama mtu wa mtaani, anayemjua mwanamke aliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka miaka kumi na moja, isipotee hata senti.

Pweza alikuwa akimkodolea macho. Kunyamaza kungekuwa jibu.

"Ninayo, baba. Okoa kilichobaki."

Fundi akalaza karata zake kifudifudi. Pweza akawasha sigara. Akaizima. Akahesabu kwa midomo.

"Mtu mpole ndiye wa kuogopwa," akanong'ona.

Dakika moja. Mbili. Nne.

"Tumelipata," sikio likasema. "Lori la maziwa, daraja la pili. Limeshazungukwa."

"Nimekushindwa, mama." Pweza akatupa karata, akainuka kufuata simu yake.

Mhudumu akamletea sinia. Juu yake palikuwa na pingu.

Walipomtoa, fundi alinyoosha mkono akafunua karata za Shangazi. Kopa mbili, basi. Akafunua zake: wafalme wawili, na wa tatu alikuwa pale mezani. Mfalme mmoja wa mkononi mwake alikuwa wa kopa. Kumbe hata ile tisa ilikuwa nane.

"Nilikuwa nakuzidi," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Baba, nilikuwa kazini. Hela nitawaomba wakurudishie."

"Hela hiyo ni kielelezo cha mahakama, hairudi, Shangazi," sikio likasema. "Kazi safi. Toka."

Uso ukamwaka hadi shingoni.

"Hesabu ilinituma nifuate," fundi akasema. "Nikaiacha hesabu, nikakuamini wewe." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Hayo ya kurudishiwa hela ni kweli, mama, au nayo unayo kama zile kopa?"

Shangazi alifungua mdomo. Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini, limekaa kama lile alilompa mezani.

Akalimeza. Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya fundi macho yakiwa chini, akatoka.