Mlango Usio na Kitasa

Mwaka wa tisini na tatu, ruksa ya biashara huria ilipopamba moto na kila aliyeuza sangara akaota kumiliki gari, Luhende alikuwa fundi bodi wa magari pale Manyamanyama, Bunda. Alinyoosha, alichomelea, alipiga rangi. Hakuwa mtu wa hasira. Hasira ilimwingia Machi, siku alipomzika dada yake Helena, na haikutoka tena.

Helena alishikwa na uchungu wa uzazi. Mama yao, Mbuke, alimkongoja hadi barabara ya Butiama kutafuta usafiri wa hospitali. Gari dogo jeupe likasimama. Dereva alipoona hali ya Helena, akapandisha kioo upesi. "Mtanichafulia siti!" Helena alikuwa ameshakamata kitasa cha nyuma. Gari likaondoka likimburuta mpaka akaachia. Jua halikuzama yeye na mtoto wakiwa hai.

Mbuke alipoiosha maiti, aliona kidole cha kati cha mkono wa kulia hakina kucha. Kwao mtu hazikwi pungufu. Walipekua vumbi la barabara siku mbili, wakakosa, wakamzika hivyohivyo. Tangu hapo mama hakulala. Alisema mwanawe bado amesimama njiani.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi tulivu ya Jumanne, Bernado, mnunuzi wa sangara kutoka Murangi, aliingiza gari lake jeupe gereji.

"Vitasa vyote vya nje toa, halafu ziba. Nataka bodi laini kama yai. Nitafungua kwa swichi ya siri."

"Ndiyo fasheni mpya, bosi?"

Bernado alitazama nyuma yake, ingawa jua lilikuwa linawaka. Akanong'ona, "Hicho cha nyuma kushoto kinajiinuaga chenyewe. Niko mwendo mkali, nasikia tu, ka! Kama mtu anataka kupanda."

Luhende alicheka. Akainama ndani kupima mlango, mkono wake wenye grisi ukaegemea kiti.

"We fundi! Utanichafulia siti!"

Kicheko kikamkauka. Magari meupe yako mengi, lakini sauti ile ya kufoka ndiyo mama yake aliyoiigiza kila siku.

Bernado alipoondoka, Luhende alifungua kitasa cha nyuma kushoto. Ndani, kwenye springi, kulikuwa na kucha. Nzima. Ina rangi nyekundu aliyomnunulia Helena yeye mwenyewe mnadani.

Angeipeleka kaburini siku ileile. Hasira hasara, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakumzika Helena! Aliifunga kucha kwenye leso, akaitia mfukoni, akatafuta nyundo yake kubwa kuliko zote, akaificha chini ya meza. Bernado atakuja mwenyewe kuchukua gari. Atakufa humohumo kwenye siti yake safi.

Siku nne alifanya kazi. Alichomelea bati, akapaka puti ya kusawazisha, akapiga msasa, akapiga rangi. Mlango ukateleza kama kioo.

Jumamosi saa sita mchana Bernado akaja, akaisifu kazi, akaingia, akafunga mlango. Luhende akaja na nyundo. Mkono wake ukatafuta kitasa cha dereva.

Hakipo. Alikitoa mwenyewe.

Akabonyeza swichi ya siri. Kimya. Akainua nyundo avunje kioo.

Bernado hakuiona nyundo. Alikuwa anatazama kioo cha kutazamia nyuma. Mdomo wazi. Akashika kitasa cha ndani. Mkono mwingine ulikuwa umeshakishika. Mwembamba. Una vumbi. Kidole cha kati hakina kucha.

Nje hapakuwa tena na pa kushika. Helena akaingia ndani.

Gari likaondoka. Nyundo ikaanguka. Luhende hakujua kama analia kwa woga au kwa uchungu.

Lilikutwa barabara ya Butiama, pale pale Helena alipoachia. Milango yote imefungwa. Bernado alikuwa nje, kifudifudi, amekufa, magoti yamechunika kwa kuburutwa. Viganja vyake vilikuwa vimeacha michirizi mirefu kwenye bodi, vikitafuta pa kushika. Ndani, kwenye kioo cha nyuma kushoto, kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya kucha, na pengo katikati.

Polisi waliliburuta hadi gereji kwa Luhende, wakalifunga, wakaondoka na funguo.

Jumapili Luhende alimpa mama yake ile leso, akakiri kila kitu. Mbuke akaifungua, akaiona kucha.

"Ulikaa nayo siku tano, mwanangu?" akanong'ona. "Ulimwacha dada yako barabarani ili ushibe hasira yako?"

Wakaifukia kaburini. Usiku ule mama akalala.

Jumatatu asubuhi Luhende akalisogelea gari. Lilikuwa bado limefungwa. Kwenye kioo, ile mikwaruzo ilikuwa minne. Wa nne ulikuwa mpya, umekaa sawasawa kwenye pengo, na una wekundu kidogo.

Akachungulia ndani. Siti ya nyuma ilikuwa imebonyea mahali pawili, pakubwa na padogo.

Haikuwa na hata doa.