Sufi kwenye Kikinga Jicho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabuni alimtia bibi yake dawa ya jicho. Jina hilo alibandikwa na bibi mwenyewe. Tangu bibi afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, msichana huyo alinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana.

"Wee Sabuni, utajichubua ngozi!" bibi alimtania.

Bibi alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Daktari alimkataza kazi hiyo kwa muda kwa sababu ya vumbi, tena akamwonya asivue kikinga cha plastiki jichoni.

Wiki chache baadaye jicho likawa jekundu, likauma, na kuona kukafifia. Mama aliwapeleka wote wawili hospitali.

"Nani anakutia dawa?" daktari aliuliza.

Bibi aliinama. "Huyu mjukuu wangu. Watoto wa siku hizi, daktari! Hata kunawa hanawi."

Lo! Sabuni alihisi kama amezabwa kofi mbele za watu. Bibi huyu huyu ndiye aliyemsifu kwa majirani! Daktari alibadilisha dawa, na kuanzia siku hiyo mama akawa ndiye anayeitia. Hata hivyo jicho lilizidi kuharibika.

Siku moja Sabuni aliingia stoo kuchukua ufagio. Nyuma ya mlango palikuwa na godoro kuukuu lililopasuliwa, sufi yake imeota kuvu na inanuka unyevu. Juu yake kilikuwepo kikinga ambacho bibi alidai kimepotea, kimegandwa na nyuzi za sufi. Alikibeba mpaka chumbani kwa bibi.

"Bibi, ulifanya kazi mimi nikiwa shuleni?"

Bibi alikitazama kikinga. "Mteja alinisumbua. Vumbi likaniingia, nikavua kikinga nikajifuta jicho kwa upindo wa gauni. Niliogopa kugombezwa."

"Ndiyo ukanitwika lawama mimi?" Machozi yalimtoka Sabuni. "Nilikuamini, Bibi!"

Bibi naye alilia. "Mwite mama yako twende. Leo nitasema yote."

Daktari aliposikia habari ya kuvu, alishtuka. Alichukua majimaji kidogo kutoka ndani ya jicho yakapimwa, na kweli kuvu ilikuwa imeingia. Bibi alichomwa sindano ya dawa jichoni, akapewa na dawa nyingine. Baada ya wiki nyingi alianza kuona tena, ingawa si vizuri kama alivyotarajia.

"Mngechelewa kidogo, jicho lingepofuka," daktari alisema. "Nilitibu ugonjwa mwingine kwa sababu nilifichwa ukweli. Mgonjwa aseme alichofanya hata kama anaona aibu, wala asimsingizie mtoto."

Nyumbani, bibi aliwaita majirani. "Mjukuu wangu alinawa kila siku," aliwaambia. "Mchafu nilikuwa mimi." Kisha akamgeukia. "Sabuni wangu, utanitia dawa tena?"

Moyo ulikuwa bado unamuuma Sabuni. Aliinuka akatoka, na bibi akasikia bomba la uani likifunguliwa, maji yakitiririka kwa muda mrefu na mikono ikisuguliwa.