Maji Peke Yake

Kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku aliweka mkoba, akanawa mikono kwa sabuni, akampokea mdogo wake wa miezi mitatu ili mama arudi kwenye cherehani. Jina hilo la Chiriku alipewa na mama, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Mama alikuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, na Chiriku alilijua hilo. Kliniki walikwenda pamoja. Muuguzi aliwaeleza kwamba mama ameze dawa zake kila siku, mtoto apewe dawa yake ya maji, tena anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita.

"Na msimchanganyie," alimaliza.

Chiriku, mjuaji huyo, akaitikia upesi. Kwake yeye, kuchanganya ni kutia maji na maziwa katika kikombe kimoja. Basi siku za joto, mtoto akilialia na mama ana wateja, alimnywesha maji matupu kwa kijiko. Hakuchanganya na kitu, roho yake kwatu.

Mtoto akaanza kuharisha, macho yakamlegea. Wakakimbilia kliniki. Muuguzi akauliza kama amepewa kitu kingine. Mama akasema hajapewa hata tone. Muuguzi akarudia swali, safari hii kwa sauti ya kushuku. Mama akainamisha kichwa, akasema labda yeye ndiye mwenye kosa asilolijua.

Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama anashukiwa kwa kosa ambalo si lake, na mkosaji amekaa pembeni, kimya, yeye aliyeshindwa kunyamaza hata darasani.

"Ni mimi, mama," alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga. "Nilimpa maji. Lakini sikumchanganyia. Nilimpa maji peke yake."

Muuguzi akamgeukia Chiriku. Akaeleza kuwa kuchanganya ni kumpa mtoto anayenyonya kitu kingine chochote kabla ya miezi sita, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Tumbo lake changa huumia, na virusi vya mama hupata njia ya kumwingia kwa urahisi zaidi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata wakati wa joto. Akamtibu mtoto, akachukua damu ya kupima.

Siku za kungoja majibu, Chiriku hakuthubutu hata kumgusa mtoto.

Majibu yakatoka: mtoto hakuwa na virusi. Muuguzi akasema atapimwa tena baadaye, na mama aendelee kunyonyesha na kumeza dawa bila kukosa.

"Mimi nilisema neno bila kuhakikisha mmelielewa," akamwambia Chiriku. "Na wewe uliitikia usichokielewa. Siku nyingine uliza, na ukikosea sema mapema, asije mwingine akabeba lawama yako."

Chiriku alirudi nyuma, mbali na mtoto.

"Mpokee mdogo wako," mama akamwambia, akimnyooshea mtoto. "Wewe sasa unajua. Nimwachie nani mwingine?"