Kizibo Kimoja kwa Ndoo Nzima

Kila asubuhi kabla ya skuli, Nadhira alipita shambani nje kidogo ya Chwaka kumpelekea babu yake, Mzee Msabah, chai na muhogo wa kuchemsha. Vichwa vya samaki alivyobeba pamoja navyo vilikuwa vya Kashata. Kashata alikuwa mbwa wa shamba, na kazi yake kuwafukuza nguruwe mwitu wasifukue muhogo. Alikuwa na mkia mfupi na kiburi kirefu. Akipewa chakula, humgeuzia mtu mgongo akala peke yake kama bwana harusi.

"Usimguse akiwa ameroa," babu alimkumbusha kila siku. "Utakosha mikono mara saba, moja kwa udongo."

"Nshasikia, Babu."

Wiki ile Kashata alianza kujikuna masikio bila kupumzika. Vichwa vya samaki vikabaki vinaliwa na kunguru. Alipopiga miayo, Nadhira aliona ufizi wake umepauka, hauna wekundu wa siku zote. Akainama kuchungulia sikioni. Mlikuwa na kupe walionona kama mbaazi zilizorowekwa. Basi hapo mtoto aliona vizuri kuliko wakubwa wote wa shamba lile, na sifa hiyo tumpe. Kwa alichofanya baadaye hatumpi kitu.

Jirani yao, Bi Mwatum, alikuwa na ng'ombe, na chupa ya dawa ya kumwogeshea ili kuua kupe. Nadhira alikwisha mwona akipima: kizibo kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Mchana ule Bi Mwatum alikuwa pwani kwenye mwani wake. Nadhira akaingia bandani akaichukua chupa. Alifanya hesabu yake mwenyewe. Kama kizibo kimoja kinaua kupe, nusu kikombe kitaua kupe na wajukuu zao. Akaichanganya kwenye kopo kwa maji kidogo, akampaka Kashata kwa kitambaa toka kichwa hadi mkia. Kisha akairudisha chupa mahali pake na kunawa mikono mara moja tu, mbio mbio.

Kabla ya adhana ya alasiri, Kashata alikuwa anatoka mate mengi, anatetemeka, na miguu ya nyuma haimbebi. Mzee Msabah alimtuma mtu akamwite Bwana Abrahman, bwana mifugo, aliyekuwa akichanja ng'ombe kijijini. Lakini aliyefika mwanzo ni Matar, mvuvi wa jirani, na rungu mkononi.

"Mate hayo, yakhe. Kichaa hicho," alisema. "Rudi nyuma Mzee, tummalize kabla hajang'ata mtoto wa mtu."

Mzee Msabah alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Mngoje bwana mifugo," alisema Bi Mwatum, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi pwani, kanga inachuruzika maji. "Rungu lako halikimbii, Matar."

Bwana Abrahman alifika kwa baiskeli. Hakumsogelea mbwa. Alisimama mbali akamtazama, akauliza, "Asubuhi alikuwaje?"

"Anatembea, ila anajikuna na hali chakula," babu alijibu.

"Amekula sumu ya panya? Au yupo aliyempaka kitu?"

Watu wakatazamana. Nadhira alitazama vidole vya miguu yake.

"Mbwa anayetoka mate haguswi kwa kukisia," alisema Bwana Abrahman. "Kama hakuna anayejua lolote, basi Matar ana haki."

Matar akainua rungu, akapiga hatua. Kashata alijaribu kumbwekea, sauti ikakwama.

"Nimempaka mimi," alisema Nadhira.

"Nini?"

"Dawa ya ng'ombe wa Bi Mwatum. Nusu kikombe."

"Kwenye ndoo?"

"Kwenye kopo."

Bi Mwatum alishika kichwa. "Huyu kamwogesha mbwa mmoja kwa dawa ya zizi zima."

Bwana Abrahman alikuwa keshafungua mkoba. "Si kichaa. Ni sumu, nayo bado inamwingia kwenye ngozi. Leteni sabuni na maji, maji mengi. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi. Nadhira, kaa mbali, ukoge kwa sabuni na ubadilishe nguo. Kichwa kinakuuma? Tumbo?"

"Hapana."

"Kikianza kukuuma, sema. Usinifiche tena."

Akampiga Kashata sindano, huku Matar, aliyekwisha tupa rungu, akimsugua mgongo kwa sabuni. Ndoo ziliendelea kuja kutoka kisimani mpaka watu wote wakaroa.

Magharibi ilipokaribia, mtetemo ukapungua. Kashata aliinua kichwa, akawatazama wote waliomhangaikia, akageuka akawapa mgongo.

"Kiburi kimepona," alisema Bi Mwatum. "Mwili utafuata."

Kisha wakapanga foleni kisimani na udongo wao, mara saba kila mmoja. "Matar, ulikuja kuua, sasa unahesabu mikosho," babu alimwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Nadhira alirudi na nguo safi. Aliushika mkono wa Bi Mwatum akaubusu. "Nisamehe, Bi. Na ahsante kwa kumzuia Matar."

"Nshakusamehe. Siku nyingine chupa niombe. Nitakunyima, na hiyo ndiyo faida ya kuomba."

Bwana Abrahman alimwita Nadhira karibu, akamsikiliza akieleza yote aliyoyaona wiki ile. "Uliona ufizi umepauka, uliona kupe, uliona hali chakula. Dalili zote umezijua. Ungemwambia babu, ningekuja na kibano na poda ya mbwa, kazi ikaisha. Dawa ya mnyama mmoja si ya mwingine, na nyingi si nzuri zaidi."

"Naam."

"Sindano yangu imesaidia, lakini isingejua pa kwenda. Iliyomwokoa mbwa huyu ni ile 'nimempaka mimi', uliyoisema na rungu limeinuliwa. Ukikosea, sema mapema namna hiyo. Mgonjwa hana muda wa kungoja haya zako ziishe."

Mzee Msabah alivaa kofia yake. "Mshukuru Mungu, mjukuu wangu," alisema, "na kesho vichwa vya samaki viongeze. Kimoja cha Matar."