Salamu za Kipimajeraha

Muulize mtu yeyote aliyeishi Dodoma miaka ile, atakwambia: Kipimajeraha haikuwa mashine ya mchezo. Unaingia kwenye kibanda cha kioo, unaketi, unasimulia ulivyovamiwa. Mashine inasikiliza sauti, inasoma mapigo ya moyo na mikunjo ya uso, na kabla chai haijapoa serikali imeshaamua kama unastahili fidia. Zamani waathirika wa uhalifu walisota miaka mizima wakizungushwa na mafaili. Mhandisi Hidaya Mkwizu ndiye aliyeiunda, akajivuna, na kwa nini asijivune?

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye chumba cha nyuma akiitazama ikifanya kazi, maana kesho yake waziri angekuja kuizindua kwa nchi nzima. Akaingia kibandani Bi Merina Chilongani, msusi wa Chang'ombe, mkono wa kulia umefungwa mtandio. Majambazi walimkata kiganja kwa panga. Alihitaji mkono-akili, ule unaounganishwa na mishipa ya fahamu, ili asuke tena. Sheria iliruhusu maombi matatu tu, na mawili yake yalishakataliwa.

"Shikamoo, mama," mashine ikasema kwa upole. "Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu," Bi Merina akaitikia akitabasamu. "Sijambo kabisa."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Kwenye skrini ya Hidaya mstari wa maumivu ukaporomoka, ukalala pale pale. Bi Merina akasimulia panga, damu, na vidole visivyokuwepo ambavyo bado vinamwasha. Mstari haukunyanyuka. Mwisho yakatokea maandishi: OMBI LIMEKATALIWA. MWATHIRIKA AMESHAPONA.

"Ebo! Amepona nini?" Hidaya akaropoka peke yake.

Akaifungua akili ya mashine, na humo akajikuta mwenyewe. Yeye alilelewa na mama asiyesikiliza shida ya mtu kabla ya salamu, ndiyo maana akaifundisha mashine kusalimia. Kisha, kwa ujanja wake wa kisomi, akaiagiza iyape maneno ya kwanza uzito mkubwa kuliko yote, kwa kuwa mwongo bado hajapata nafasi ya kupanga uongo wake. Kila jambo peke yake lilikuwa jema. Yalipokutana, mashine ikaamini sijambo. Na nani kwetu, hata akiwa na kisu mgongoni, hajibu sijambo?

Akayafungua kwenye skrini majina ya waliokataliwa. Wazee watupu, akina mama watu wazima, watu wa adabu zao. Waliolipwa ni wale walioingia wakipiga mayowe bila kumsalimia mtu. Waliokataliwa walikuwa zaidi ya elfu nne.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kuirekebisha kimyakimya, waziri akaja, watu wakapiga makofi, na wale elfu nne wakabaki hivyo hivyo. Wazo hilo lilimjia, tusimsingizie utakatifu, na alikaa nalo kitambo. Halafu akamwona Bi Merina akihangaika kufungua mlango kwa mkono wa kushoto, akatoka mbio hadi ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," Hidaya akajibu. Neno lilimtoka lenyewe huku machozi yanamlengalenga, akaona aibu kubwa. "Hapana, mama, nakudanganya. Mashine hii nimeiunda mimi. Imekunyima haki yako kwa kosa langu."

Bi Merina akamtazama, akatabasamu lile tabasamu lake la kibandani. "Basi, hamna neno, mwanangu. Ni kazi tu."

"Lipo, mama! Nakuomba, usiniambie hamna neno."

Tabasamu likaondoka. Bi Merina akaketi kwenye benchi, akaufungua mtandio, akauweka mkono uliokatwa mapajani mwa Hidaya.

"Unauma," akasema. "Kila siku unauma. Nami kila nikitoka humu nakwenda nyumbani nikijiuliza, labda kweli mwongo ni mimi."

Hidaya akaushika mkono ule, hakuuachia. Kwa mkono wake mwingine akatoa simu, akampigia waziri.

"Ooo, Mhandisi wetu!" waziri akachangamka. "Hujambo? Habari za maandalizi?"

Kwa mara ya kwanza maishani, Hidaya hakuitikia salamu.

"Mheshimiwa," akasema, "nimewadhulumu watu."